Kabla ya Kuingia Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu Lubumbashi: Makaratasi, Makazi, Fedha na Namna ya Kusoma

Matokeo ya mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat, yanapotangazwa, mitaa ya Lubumbashi hujaa honi, vigelegele na vijana waliomiminiwa poda nyeupe tangu utosini hadi mabegani. Shangwe hiyo ni haki yao. Hata hivyo, kati ya siku ya poda na siku ya somo la kwanza kuna wiki chache ambazo wengi huzipoteza kwa kungoja, na kwa maoni yangu wanaoacha masomo katika mwaka wa kwanza mara nyingi huanza kuanguka ndani ya wiki hizo, kabla mwalimu yeyote hajawauliza swali. Mmoja amechelewa kwa sababu jina lake katika diploma halifanani na jina katika hati ya kuzaliwa, mwingine amepanga chumba kinachovuja, mwingine amelipa minervali, yaani ada ya masomo, kupitia mtu asiyemjua. Maelezo haya yanamhusu hasa kijana anayeanza Lubumbashi, awe amekulia Katuba au ametoka Likasi, Kolwezi, Kamina au Kalemie, pamoja na mzazi atakayemlipia.

Kuchagua chuo na kitivo

Mji huu una milango mingi. Kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, ambacho asili yake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1955 wakati mji ukiitwa Elisabethville, kikaingizwa katika UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971, kisha kikarudishiwa uhuru wake mwaka 1981. Kuna taasisi za juu za Serikali, kama ISP inayoandaa walimu na ISC inayofundisha biashara. Kuna pia vyuo visivyo vya Serikali, miongoni mwao Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Lubumbashi, Université Nouveaux Horizons na ESIS Salama inayojulikana kwa informatiki. Ukongwe wa chuo peke yake hautoshi kuwa sababu ya kukichagua, na uzuri wa ukuta wake hautoshi hata kidogo. Unapokwenda kuuliza habari, omba kuonyeshwa kibali kilichotolewa na Wizara ya Elimu ya Juu na ya Chuo Kikuu, na hakikisha kwamba kibali hicho kinahusu fani unayoitaka, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa halali huku fani mpya iliyofunguliwa ndani yake ikiwa bado haijaidhinishwa. Chuo chenye uhakika na shughuli zake hakikasiriki kikiulizwa swali hilo.

Kuhusu kitivo, linganisha chaguo lako na yale uliyosoma sekondari, kisha ujipime kwa ukweli. Aliyemaliza Hesabu na Fizikia anaingia Polytechnique, yaani kitivo cha uhandisi, akiwa na msingi, ilhali aliyemaliza Pedagojia au Biashara, hata akikubaliwa huko, atalazimika kujenga peke yake msingi ambao wenzake walijengewa kwa miaka kadhaa. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza wa kitivo hicho, azima kitabu cha hesabu au cha kemia cha mwaka wa mwisho wa sekondari, na ukifanyie kazi muda wa wiki mbili. Kama kila ukurasa unakushinda na hujapata hamu ya kuushinda wewe, habari hiyo ni ya maana kuliko ushauri wa mjomba anayesema kwamba wahandisi hulipwa vizuri migodini. Baadhi ya vitivo hupokea wanafunzi kwa mtihani wa kuingia au huwapitisha kwanza katika mwaka wa maandalizi. Uliza mapema, maana tarehe za mitihani hiyo hazimngoji anayesikia habari kwa kuchelewa.

Jambo jingine ni la mfumo wenyewe. Yaya wako, yaani kaka au dada yako mkubwa, aliyesoma graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili atakushauri kwa moyo mwema, lakini njia aliyopita imebadilika. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 ilitaja mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo huo umeenezwa katika vyuo vya nchi nzima. Sasa licence yenyewe ni ya miaka mitatu yenye kredi 180, na master hufuata kwa miaka miwili yenye kredi 120, isipokuwa katika fani kama udaktari wa tiba ambazo zina utaratibu wao. Kila mwaka una semesta mbili za kredi 30 kila moja. Kredi ya somo uliloshinda hubaki kuwa yako, na ile uliyoikosa hukufuata kama deni hadi uilipe. Hivyo basi, uliza ni kredi ngapi kila somo linabeba kabla ya kupanga muda wako, kwa sababu ni kosa kutumia usiku kumi kwa somo la kredi mbili huku la kredi sita likiguswa siku ya mwisho.

Makaratasi

Hapa ndipo wengi hudhani pana wepesi. Faili la kujiandikisha kwa kawaida hudai diploma ya Serikali au cheti cha kufaulu ikiwa diploma yenyewe haijatoka, buletini, yaani ripoti za alama, za miaka ya mwisho ya sekondari, hati ya kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya na picha ndogo za pasipoti. Kila chuo kina orodha yake, kwa hiyo ichukue kutoka ofisi ya uandikishaji yenyewe na usitegemee karatasi iliyopigwa picha mwaka uliopita.

Soma majina yako matatu katika kila hati, herufi kwa herufi, na mfuatano wake pia: jina, jina la pili na jina la ubatizo. Katika nchi yetu majina hupanda na kushuka kutoka hati moja hadi nyingine, na karani wa shule aliyeandika «Ilunga Kasongo» katika buletini moja na «Kasongo Ilunga» katika nyingine hakuona tatizo lolote. Chuo kitaliona. Kosa lililo katika buletini hurekebishwa kwa urahisi shuleni wakati mkuu wa shule bado anakukumbuka. Lililo katika diploma huhitaji kupitia inspeksheni ya elimu. Na lililo katika hati za uraia huweza kukufikisha mahakamani kutafuta hukumu. Anza mara tu unapoliona.

Toa fotokopi za kutosha, zipeleke ofisi ya komuni zikathibitishwe pale chuo kinapodai hivyo, na kamwe usiache hati ya asili mikononi mwa mtu asiyekupa stakabadhi yenye muhuri. Piga picha ya kila hati kwa simu, kisha jitumie mwenyewe kwa barua pepe, kwa sababu simu huibwa na vyumba huingia maji.

Chumba

Matokeo hutoka wakati wa kiangazi, na chumba kinachotafutwa kiangazi huonekana kizuri kuliko kilivyo. Kuanzia Novemba mvua za Lubumbashi hazina simile. Kabla ya kukubali, tazama dari kama ina madoa ya maji, chungulia mfereji wa parseli unaelekea wapi, na waulize wapangaji wengine, mwenye nyumba akiwa hayupo, maji ya mvua hufika wapi. Uliza umeme wa SNEL, shirika la umeme la Serikali, hukatika saa zipi na gharama yake inagawanywa vipi kati ya wapangaji. Uliza pia kama maji ni ya REGIDESO (shirika la maji la Serikali), ya kisima au ya kubeba kwa bidoni kutoka kwa jirani. Mwanafunzi anayeteka maji saa kumi alfajiri kila siku anapoteza nguvu ambazo hakuna kredi itakayomrudishia.

Umbali nao ni gharama. Kampasi ya Kasapa ya UNILU iko nje kidogo ya mji, na si vitivo vyote vilivyokusanyika hapo, kwa hiyo fahamu kwanza masomo yako yatafanyikia wapi. Anayeishi Ruashi au Kampemba na kusoma Kasapa mara nyingi atapanda basi mara mbili kwa kupitia katikati ya mji. Fanya safari hiyo siku moja ya kazi, asubuhi, pamoja na watu wote wanaokimbilia kazini, ndipo ukubali au ukatae. Chumba cha bei nafuu katika Katuba kinaweza kugharimu zaidi kwa mwezi kuliko chumba ghali kilicho karibu, ukijumlisha nauli.

Kuhusu malipo, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inayohusu upangaji inaweka kikomo cha garanti, yaani amana ya mpangaji, ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hudai zaidi, na komisioneri, yaani dalali, aliyekupeleka naye hudai fungu lake. Kuijua sheria hakutakupatia chumba papo hapo, lakini kunakupa mahali pa kuanzia mazungumzo. Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni rafiki wa baba, na utaje garanti iliyolipwa na hali ya chumba siku ulipoingia.

Wengine hutamani nyumba za wanafunzi za kampasi, zile homes za Kasapa. Nafasi ni chache kuliko wanaozihitaji, na ndiyo maana pana wale wanaoitwa makizari, yaani wanaolala katika chumba cha mwenzao bila kuandikishwa. Ukiweza kupata kitanda kwa njia halali, kichukue, kwa kuwa ukaribu wa maktaba na wa wenzako una thamani kubwa. Kuwa makizari kwa mwaka mzima sikushauri: unasoma sakafuni, unaishi kwa hisani ya mtu, na siku ya ukaguzi unalala nje.

Fedha za mwaka

Familia nyingi huhesabu minervali na kusahau vingine. Andika pamoja na mzazi wako mambo yote kwa mwaka mzima: ada kwa awamu zake, malipo ya kujiandikisha kwa vikao vya mitihani, silabasi (vijitabu vya masomo ya maprofesa), fotokopi, nauli, kodi ya chumba, chakula, makala (makaa) ya kupikia, dawa na megabaiti za intaneti. Kwa sababu ada huweza kutajwa kwa dola huku mama akiuza sokoni kwa faranga, tengeni mapema tofauti inayoweza kuletwa na kubadilika kwa bei ya dola. Noti za dola zilizochanika hata kidogo hukataliwa mjini hapa, kwa hiyo zikague zote mbele ya anayekubadilishia.

Lipa benki mwenyewe au umtume ndugu wa damu. Bordero, yaani stakabadhi ya malipo ya benki, ndiyo ushahidi wako. Ipeleke katika huduma ya fedha ya chuo iandikwe na kupigwa muhuri, kisha itunze hadi siku utakapochukua diploma, na kwa kuwa hupauka, itolee fotokopi mapema. Atakayekuambia ana mtu wake ndani anayeweza kupunguza ada, mshukuru na uende zako. Watu wa aina hiyo huonekana zaidi karibu na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa mitihani, wakati hofu inapowafanya wanafunzi wawe wepesi kuamini.

Kwa matumizi ya kila siku, wanafunzi watatu au wanne wanaochangia chungu kimoja hula vizuri kuliko kila mmoja na mbabula (jiko la makaa) yake. Nunueni gunia la makala kabla mvua hazijakaza, unga wa bukari (ugali) kwa mfuko, na mpeane zamu ya kupika sombe (kisamvu). Likelemba ndogo ya kila mwezi, yaani mchango ambao kila mmoja huupokea kwa zamu, inaweza kumsaidia mmoja wenu kulipa awamu ya ada kwa wakati, ilimradi wanaoshiriki wanajuana na zamu zimeandikwa. Fedha zinazotumwa kutoka nyumbani kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money zitenge siku hiyo hiyo: kodi na nauli kwanza, kinachobaki kigawe kwa wiki.

Namna ya kusoma

Sasa kuna badiliko ambalo haliandikwi katika orodha yoyote ya uandikishaji. Sehemu kubwa ya Exetat ilikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyopendekezwa. Chuoni utapewa swali la mistari miwili na karatasi tupu, na utatakiwa kueleza, kulinganisha, kuhesabu kwa kuonyesha njia, au kutetea rai. Aliyezoea kutambua jibu sahihi machoni hajazoea kulizalisha. Zoezi la kufanya kabla ya masomo kuanza ni hili: chukua sura moja ya kitabu chochote cha fani yako, isome, kifunge, kisha andika kurasa mbili kuhusu ulichosoma kwa Kifaransa safi bila kukifungua tena. Mara ya kwanza itaumiza. Ukifanya hivyo mara moja kwa wiki hadi siku ya kuanza, utafika chuoni ukiwa na silaha ambayo wengi huitafuta wakati semesta ya kwanza imekwisha.

Kifaransa chenyewe kinahitaji kazi. Nyumbani na sokoni tunaishi kwa Kiswahili, ilhali katika oditwari (ukumbi wa mihadhara) profesa huzungumza Kifaransa kwa kasi, mara nyingine bila kipaza sauti, mbele ya mamia ya watu. Usijaribu kuandika kila neno. Jitengenezee vifupisho, andika vichwa vya hoja na mifano, acha nafasi pembeni, na jioni ileile kamilisha mapengo pamoja na mwenzako mmoja au wawili. Katika kikundi hicho msione haya kuelezana somo kwa Kiswahili, kwa sababu anayeweza kumweleza mwenzake sheria ya Ohm au tofauti kati ya mkataba na ahadi kwa lugha ya nyumbani ameielewa kweli. Baada ya hapo kila mmoja aiandike kwa Kifaransa, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kifaransa. Hatua ya pili isirukwe; wapo wanaojua somo vizuri sana wakiwa chini ya mwembe na kukwama mbele ya karatasi.

Katika LMD sehemu ya kila kredi huhesabiwa kuwa kazi binafsi ya mwanafunzi. Hiyo ina maana kwamba saa usizokuwa darasani si za mapumziko zote, na hakuna mkuu wa nidhamu atakayekuja kukuamsha. Panga saa hizo kwa kuzingatia umeme: kazi ya kompyuta ifanyike umeme unapokuwapo, ya kusoma karatasi ingoje taa ya kuchaji. Kompyuta ndogo inasaidia sana katika informatiki na Polytechnique. Katika fani nyingine unaweza kuanza na simu nzuri, flashi, na sekretariati ya umma inayoaminika kwa kuchapa kazi zako. Maktaba ya kitivo itembelee wiki ya kwanza, na mjini kuna pia mediateki ya Institut français katika Halle de l'Étoile.

Silabasi ni msaada wa somo. Ukiweza, inunue mapema au mshirikiane wawili. Kuinunua hakupaswi kuwa sharti la kupata alama, na mahali inapogeuzwa kuwa sharti, jambo hilo lifikishwe kwa shefu wa promosheni, yaani mwakilishi wa wanafunzi wa mwaka wenu, alipeleke kwenye kitivo kwa niaba ya wote, kwa sababu mwanafunzi mmoja anayelalamika peke yake huonekana haraka.

Alama, heshima na wageni

Mpe profesa, shefu wa kazi na asistenti heshima wanayostahili: simama anapoingia, mwite kwa cheo chake, andika ujumbe wenye salamu na jina lako kamili. Heshima hiyo haimpi mtu ruhusa ya kudai fedha au mwili kwa ajili ya alama. Wasichana hasa waelezwe nyumbani, na mama au shangazi, bila kuzungukazunguka, kwamba usumbufu wa kijinsia ni kosa la jinai katika sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006. Anayeitwa ofisini baada ya saa za kazi aende na mwenzake au aombe kukutana mchana. Ujumbe wa simu usifutwe. Na habari ifikishwe mapema kwa mtu mzima anayeaminika na kwa uongozi wa kitivo.

Utapokelewa pia na wakubwa wa promosheni za juu, wanaowaita wapya bleus. Wimbo, mzaha na kufagia mara moja havina ubaya. Kupigwa, kunyweshwa pombe, kuvuliwa nguo au kunyang'anywa fedha si mapokezi, na hakuna atakayekufukuza chuoni kwa kukataa. Tembea na wenzako siku za mwanzo na ujue ofisi ya aparitera, afisa anayesimamia mambo ya wanafunzi, iko wapi.

Wiki za mwanzo

Nenda kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo wa kitivo, kila siku unapofika, hata kama promosheni ina kundi la WhatsApp. Katika kundi habari hupitishwa na mtu aliyesikia kwa mtu. Kwenye valvu ina sahihi. Piga picha ratiba, majina ya waliokubaliwa na tarehe za interro, yaani majaribio mafupi ya somo. Jina lako likikosekana katika orodha, shughulikia siku hiyo hiyo ukiwa na bordero mkononi, kwa sababu jina lisilo katika orodha ya Novemba huzaa alama isiyoonekana baadaye.

Tunza interro zote zilizosahihishwa na kazi zote ulizorudishiwa katika faili moja. Wakati wa deliberesheni, yaani kikao cha jopo kinachoamua matokeo, alama ya mwaka huweza kupotea njiani kati ya asistenti na jopo, na muda wa kuwasilisha rufaa baada ya matokeo kutangazwa ni mfupi. Soma kanuni za chuo ujue ni siku ngapi unazo. Andika barua mwenyewe, kwa adabu, ukitaja somo, alama iliyotangazwa na alama unayoidai. Ambatanisha fotokopi ya karatasi iliyosahihishwa, ubaki na ile ya asili. Ipeleke kwa sekretari wa jopo, na uombe muhuri wa kupokelewa uwekwe kwenye nakala unayorudi nayo.